Makofi hatuwezi kulazimishwa



Kwenye mdahalo wetu tulijadili kisa cha Chuo Kikuu cha Rutgers, huko New Jersey, Marekani, mwaka 2014. Mtauliza, sisi kinatuhusu nini? Kinatuhusu sana.

Chuo kilimwalika Condoleezza Rice ahutubie mahafali. Huyu mama alikuwa Mshauri wa Usalama wa Taifa wa Rais George W. Bush vita vya Iraki vilipoanza mwaka 2003, baadaye akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Dunia iliambiwa Iraki ina silaha za maangamizi. Silaha zenyewe hazikuonekana. Watu wakafa, na Wairaki kwa mamia ya maelfu wakakimbilia Syria na Jordan, wakawa kama sisi: foleni, kadi, kusubiri.

Kwa hotuba hiyo angelipwa dola 35,000, na shahada ya heshima juu yake. Baraza la walimu likaomba mwaliko ufutwe. Wanafunzi kama 50 wakaingia jengo la utawala, wakakaa chini, wakagoma. Tarehe 3 Mei Rice akajitoa mwenyewe, akisema mahafali ni siku ya furaha na mwaliko wake umeanza kuivuruga.

Vijana wale walilaumiwa sana. Eti wameziba watu midomo, eti chuo ni mahali pa kumsikiliza hata usiyempenda. Rais Obama naye, alipohutubia mahafali ya chuo hichohicho mwaka 2016, aliwaambia walikosea.

Sisi hatukubaliani naye. Mahafali si darasa. Mgeni anasema, nyie mnapiga makofi, basi. Hakuna anayenyoosha mkono kuuliza. Kumvisha mtu joho na kumlipa ni kumsifu, na sifa hiyo inawauma waliopoteza nyumba kwa maamuzi aliyoshiriki. Wanafunzi walikataa kupiga makofi. Haki yao.

Lakini alipojitoa, maswali nayo yakabaki hewani. Hapo ndipo mdahalo wetu ulipowaka, maana wenzetu wengine walisema ushindi ni ushindi. Wengi wetu tungependa aje siku nyingine, ukumbini, bila joho, kipaza sauti kiwe kwa wanafunzi. Mlijua nini? Kwa nini mlisema vile? Mkimbizi hafaidiki na mkubwa aliyebaki kwake kimya.

Na hapa kambini je? Mgeni mkubwa akija tunaambiwa tufagie, tucheze ngoma, watoto wapange mstari. Anahutubia, anapiga picha, magari yanatuachia vumbi. Ukitaka kuuliza, unaambiwa muda umekwisha (muda wa ngoma lakini ulikuwepo!). Siku moja anaweza kuja mtu aliyekuwa na cheo huko kwetu wakati sisi tunakimbia. Huyo naye tutamchezea?

Ndugu wa mashirika, tunajua ratiba za wageni hampangi peke yenu. Ila mna sauti kwenye vikao vile kuliko sisi. Kwa mgeni ajaye tunaomba nusu saa ya maswali, tuyaulize wenyewe, yasichujwe kwanza ofisini. Ikishindikana tuambieni mapema, ili kikundi cha ngoma kisihangaike kufanya mazoezi.