M-Pesa yastawi Ifo, lakini laini nyingi ni za majina ya wengine

IFO ndiyo kambi kongwe kuliko zote katika eneo la Dadaab, Kaunti ya Garissa. Ilifunguliwa mwaka 1991 wakati Wasomali walipokuwa wakimiminika Kenya kufuatia kuanguka kwa serikali ya Siad Barre. Pamoja na kambi za Dagahaley na Hagadera zilizofuata, ilikusudiwa kuwahifadhi watu 90,000 kwa jumla. Zaidi ya miaka 30 baadaye, wakazi wa kambi za Dadaab wanazidi 400,000, na katika soko la Ifo kupokea pesa kwa simu kumekuwa jambo la kawaida kama kununua maziwa ya ngamia. Penye duka la nguo pana wakala wa M-Pesa, na hatua chache mbele yake pana ofisi ya hawala.

Mtu angeweza kuyahesabu haya kuwa ushindi mwingine wa kampuni ya Safaricom, ambayo imezoea ushindi. Hata hivyo, Ifo si Thika wala Kisumu. Huduma imefika, mnara umesimama, wateja wapo tele. Kinachokosekana kwa wengi ni kitu kidogo mno ambacho kampuni haina uwezo wa kukitoa, nacho ni kitambulisho. Matokeo yake ni kwamba mkimbizi anaweza kuwa na pesa ndani ya simu iliyo mfukoni mwake, na pesa hizo zikawa, mbele ya sheria, za mtu mwingine.

Itakumbukwa kwamba Safaricom ilianza mwaka 1997 kama tawi la shirika la simu la serikali, na kampuni ya Vodafone ya Uingereza ikanunua asilimia 40 ya hisa zake mwaka 2000. M-Pesa yenyewe ilizinduliwa Machi 2007, baada ya majaribio yaliyoanza mwaka 2005 kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza. Lengo la awali lilikuwa kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa mikopo yao kwa simu. Wakopaji wakagundua matumizi mengine: walitumiana pesa wao kwa wao. Kampuni ikafuata nyayo za wateja wake, ikaitangaza huduma kuwa njia ya kutuma pesa nyumbani, na picha iliyowajia Wakenya wengi ni ya kijana wa mjini anayemtumia mamake kijijini. Mwanzoni mtu hakuruhusiwa kutuma zaidi ya Sh35,000 kwa mara moja. Tangu Agosti 2023 mteja anaweza kutuma hadi Sh500,000 kwa siku.

Picha hiyo ya kijana na mamake haikulingana sana na Ifo. Huko pesa hazikutoka Nairobi pekee, bali Eastleigh, Minneapolis, Toronto na London, na tayari palikuwa na njia ya kuzifikisha. Njia hiyo ni hawala, na mwenye kutaka kuelewa ukuaji wa M-Pesa katika kambi hizi hana budi kuanzia hapo.

Utaratibu wa hawala ni mwepesi. Jamaa aliye ng'ambo humkabidhi wakala dola zake, wakala hupeleka ujumbe, na mwenzake aliye Ifo hulipa kutoka katika fedha alizo nazo hata kabla ya dola zile kusafiri. Madeni kati ya mawakala hao hulipana baadaye, mara nyingi kupitia biashara ya bidhaa. Katika miaka ya 1990 ujumbe ulipitia redio za masafa marefu, ambazo wakimbizi waliziita taar. Mpokeaji alipofika kuchukua fedha zake aliulizwa jina la babu yake, ukoo wake na mahali alikotoka. Akijibu sawasawa alilipwa. Karatasi ya serikali haikuhitajika; na kwa watu waliokimbia nchi isiyokuwa na serikali, isingewezekana kuhitajika.

M-Pesa iliugeuza utaratibu huo. Haimjui babu ya mtu wala haina haja naye. Inataka nambari ya kitambulisho, jina lililo katika kitambulisho hicho, na namba ya siri. Kwa Mkenya wa kawaida hilo ni jepesi kuliko kutaja ukoo, ilhali kwa mkimbizi ni kinyume kabisa.

Hawala nayo haikuwa salama mbele ya dola. Novemba 2001 Marekani iliifungia mali kampuni ya Al-Barakaat, iliyokuwa ikiendesha huduma za simu na za kutuma fedha kwa pamoja nchini Somalia, na athari zake zilifika hadi kambini. Aprili 2015, siku chache baada ya magaidi wa Al-Shabaab kuwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ya Kenya ilizifungia kampuni 13 za kutuma fedha, Dahabshiil ikiwa miongoni mwao. Kampuni hizo ziliruhusiwa kufanya kazi tena mwezi Juni. Katika kipindi hicho, aliyekuwa na jamaa Nairobi mwenye laini ya Safaricom aliweza kutumiwa chochote, na ambaye jamaa yake alikuwa ng'ambo pekee alibaki akisubiri. Ni vigumu kufikiria tangazo la biashara ambalo lingeweza kuifunza kambi nzima faida ya M-Pesa kwa haraka kama agizo hilo la polisi na Benki Kuu.

Pamoja na hayo, hawala haikufa, na huenda haitakufa. Njia hizo mbili zimeshikana mikono: fedha hutoka Marekani kwa hawala na kumalizia safari yake katika simu ya mpokeaji. Kwa wafanyabiashara, simu ilileta jambo kubwa zaidi. Sera ya Kenya imewataka wakimbizi wakae kambini, na anayetaka kwenda Garissa au Nairobi huhitaji kibali cha kusafiri ambacho si rahisi kukipata. Mwenye duka Ifo sasa anaweza kumlipa muuzaji wa jumla wa Eastleigh bila ya kuondoka kwenye kiti chake, na lori likaja na mchele, sukari na nguo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulikadiria mauzo ya biashara za wakimbizi wa Dadaab kuwa dola milioni 25 kwa mwaka, na faida kwa wenyeji wanaozizunguka kambi kuwa takriban dola milioni 14. Uchumi wa namna hiyo hauwezi kuendeshwa kwa mabunda ya noti yanayopitishwa katika barabara ambayo mabasi yake hushambuliwa.

Msukumo mwingine ulitoka kwa wafadhili. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianzisha Kakuma utaratibu uitwao Bamba Chakula, na mapema mwaka 2016 ukafika Dadaab. Kila familia ilipewa kadi ya simu ya Safaricom, na badala ya sehemu ya mgao wa nafaka, ikawekewa pesa ambazo zingeweza kutumika tu kwa wafanyabiashara waliosajiliwa na shirika. Hazikuweza kutolewa taslimu wala kutumiwa jamaa. Hata hivyo, bibi aliyekuwa hajawahi kushika simu alilazimika kujifunza namba ya siri, na mwenye duka akajifunza kuusubiri ujumbe wa kuthibitisha malipo. Kwa kampuni, hilo lilikuwa darasa la wateja lililogharamiwa na mtu mwingine.

Ndipo linapokuja suala la jina.

Kanuni za Kenya zinataka kila laini isajiliwe kwa hati inayotambuliwa. Mkimbizi mwenye kitambulisho halali cha mkimbizi anaweza kusajiliwa. Lakini vitambulisho hivyo havikutolewa kwa wakati wala kwa wote. Mwishoni mwa Aprili 2016 serikali iliondoa utaratibu wa kuwatambua Wasomali kama wakimbizi kwa pamoja, na mwezi uliofuata ikaivunja Idara ya Masuala ya Wakimbizi na kutangaza kwamba Dadaab itafungwa. Februari 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha amri ya kufunga kambi, lakini usajili wa wageni wapya ulibaki umekwama kwa miaka kadhaa. Watu waliendelea kuvuka mpaka, hasa wakati wa ukame. Walijenga vibanda kandokando ya Ifo na Dagahaley wakiwa hawana kitambulisho wala kadi ya mgao.

Watu hao nao wana jamaa ng'ambo, na jamaa hao hutuma. Njia iliyobaki ni kuomba laini iliyosajiliwa kwa jina la Mkenya au la mkimbizi wa zamani, ama kwa hisani ya undugu, ama kwa malipo. Mara nyingi mpango huo huenda vizuri kwa sababu unasimama juu ya msingi uleule wa hawala, yaani kuaminiana. Ukiharibika, hakuna pa kwenda. Mwenye jina akifika katika duka la Safaricom na kusema kadi yake imepotea, atapewa nyingine, na salio litakuwa lake. Akifa, warithi wake ndio wenye haki ya kudai. Naye Mkenya aliyetoa jina lake hayuko salama, kwa kuwa polisi wakiifuatilia simu iliyotumika katika uhalifu, mlango watakaougonga kwanza ni wake. Katika eneo ambalo Al-Shabaab wameilipua minara ya mawasiliano mara kadhaa, hofu hiyo si ya kufikirika.

Kuna kundi jingine ambalo hali yake ni ya ajabu zaidi. Wakati wa njaa na ukame, familia nyingi za Wakenya wa Garissa na maeneo jirani zilijiandikisha kambini ili zipate chakula na watoto wapate shule. Alama za vidole zikachukuliwa. Watoto walipofikia umri wa miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho cha taifa, mitambo ikasema wao ni wakimbizi. Idadi yao imekuwa ikitajwa kuwa takriban 40,000. Kambini hawapewi kitambulisho cha mkimbizi kwa sababu ni Wakenya, na ofisini hawapewi cha Mkenya kwa sababu ni wakimbizi. Hawa hawawezi kusajili laini wala kufungua akaunti, ingawa wamezaliwa katika nchi ambayo ulimwengu mzima huisifu kwa pesa za simu. Kesi yao ilifikishwa Mahakama Kuu ya Garissa, ambayo Januari 2025 iliamua kwa upande wao. Mwezi uliofuata Rais William Ruto alitangaza kukomesha uchujaji wa ziada uliokuwa ukiwakabili wakazi wa kaunti za mpakani wanapoomba vitambulisho.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, imefungua mlango zaidi. Inakipa kitambulisho cha mkimbizi hadhi sawa na hati ya mgeni anayeishi nchini kihalali, na inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unakusudia kuzigeuza kambi ziwe makazi yanayoungana na wenyeji. Kwenye karatasi, basi, mkimbizi wa Ifo ni mteja kama wateja wengine. Katika duka la wakala, bado inategemea kama kadi yake imetoka, kama haijapitwa na muda, na kama mtambo unaitambua nambari yake.

Mwaka 2025 pia ulileta pigo la upande mwingine. Fedha za wafadhili zilipopungua, Marekani ikiwa mbele, WFP ilishusha mgao wa chakula hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kamili na kusitisha misaada ya pesa taslimu. Wafanyabiashara waliozoea kuuza kwa deni wakitegemea malipo ya kila mwezi walibaki na madaftari yaliyojaa majina. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walikwisha kuona katika makazi ya Kalobeyei, karibu na Kakuma, kwamba wenye maduka walikuwa wakizishika kadi za wateja wao kama dhamana ya deni hadi malipo yaingie. Iwapo kadi iliyoshikwa imesajiliwa kwa jina la mtu wa tatu, deni hilo linakuwa na wadai wawili na mdaiwa ambaye jina lake haliko popote.