Ukoo wako una mashahidi wangapi?

Blogu ilipoa kidogo, si mnajua tena mambo ya testi. Leo nina hoja moja tu, na inahusu hizi programu za kompyuta za kutunza mti wa ukoo. Kuna wenzetu wameanza kuzitumia, hasa Gramps maana ni ya bure, na nawapongeza. Ila kuna mchezo unanikera: mtu kwenye sehemu ya chanzo anaandika jina la kitabu ambacho hajawahi kukishika.

Enzi za Mwingereza, maboma ya Tanganyika yalikuwa na Daftari la Wilaya. Mabwana shauri waliandika humo mambo mengi, zikiwemo historia za makabila na orodha za watawala wa jadi. Sasa bwana shauri hakuwepo watemi wa zamani walipotawala. Aliambiwa na wazee, na hao wazee nao waliambiwa na wazee wao. Miaka ikapita, mtafiti akasoma daftari akaandika tasnifu. Mwanafunzi akasoma tasnifu, akampigia simu binamu yake. Binamu anafungua programu, anaandika: "Chanzo: Daftari la Wilaya ya Shinyanga." Jamani! Daftari kaliona wapi? Alichonacho ni simu ya binamu. Ni kama desa tu, akikosea wa kwanza kunakili, kosa linafika mpaka chumba cha mwisho hosteli.

Kanuni yenyewe wala si ngumu. Mmarekani Elizabeth Shown Mills, ambaye kitabu chake Evidence Explained kilitoka 2007, anasisitiza utaje kile ulichokitumia wewe mwenyewe. Ukishataja hicho, ndipo uongeze kwamba chenyewe kinasema kimetoa habari mahali fulani. Basi.

Tatizo ni kwamba programu nazo hazitusaidii sana. GEDCOM, mfumo unaotumika kuhamisha data za ukoo toka programu moja kwenda nyingine, una nafasi ya chanzo, nafasi ya ukurasa, hata alama ya uzito wa ushahidi kuanzia 0 mpaka 3. Lakini nafasi maalumu ya kusema "chanzo hiki kimechota kwenye kile" haina. Kwa hiyo mnyororo uandike mwenyewe kwenye maelezo: tasnifu niliyosoma, ukurasa fulani, inataja daftari fulani, ambalo mimi sijaliona. Na usilifungulie daftari hilo chanzo chake mpaka siku utakayoliona.

Mtu atasema, aah, si jina la babu tu hilo? Hapana. Hans Cory aliandika sheria na mila za Wasukuma kwenye kitabu kilichotoka 1953, na humo kuna hili: mtoto wa ndoa isiyotolewa mahari alihesabiwa wa upande wa mama, mpaka baba yake amkomboe kwa ng'ombe. Kwa hiyo neno moja, "alikombolewa", linaweza kuhamisha familia nzima toka ukoo huu kwenda ule, pamoja na urithi wake.

Chukulia ndugu wanagombea shamba. Mti wa shangazi unasema babu alikombolewa, wa binamu wa Dar hivyohivyo, wa mjomba wa Kahama hivyohivyo. Mashahidi watatu! Kumbe wote walisikia kwa mzee mmoja, ambaye naye hakuwa amezaliwa ng'ombe hao walipotolewa. Shahidi ni mmoja, tena wa kusikia. Kila mmoja angeandika kaambiwa na nani, mambo yangeonekana mapema.

Sisi watu wa Mwadui ndio tuwe makini zaidi. Tangu Dk. John Williamson alipogundua almasi pale mwaka 1940, watu walikuja kutafuta kazi kutoka mbali, wazee wao wakabaki huko walikotoka. Watoto waliozaliwa mgodini ukoo wao wameusikia kwa mkono wa tatu. Hata hiyo almasi yenyewe, ukisimuliwa habari za mbuyu, muulize msimuliaji kama alikuwepo.

Msinielewe vibaya, sisemi mdomo ni dhaifu kuliko karatasi. Lile daftari la mkoloni ni mdomo wa mzee ulioandikwa na mtu mwingine. Bibi yako aliyeona kwa macho yake anaweza kulishinda. Ninachodai ni kila mmoja apewe nafasi yake halisi. Na mlioko Dar, makaratasi ya Cory yako maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nendeni mkayasome, ndipo muandike mmeyaona.

Likizo hii ukiandika jina la babu wa babu, andika na nani kakuambia, lini, na yeye aliambiwa na nani. Mnyororo ukikatika, andika umekatikia hapo. Wajukuu watakushukuru kwa hilo pengo kuliko kwa jina la kitabu ulichokisikia tu.

Nawasilisha.