Bibi, Kula Kwanza Ndipo Uje Misani



Wapendwa waamini, juma lililopita, katika Misa ya alfajiri, bibi mmoja alilegea akiwa katika mstari wa Komunyo. Jasho lilimtoka, na maneno yake hayakueleweka. Nilisikia watu wakinong'ona kwamba amerogwa. Muuguzi aliyekuwapo, alipohakikisha kwamba anaweza kumeza, alimnywesha maji ya sukari, punde akatutambua. Alikuwa amejidunga insulini nyumbani, kisha akaja bila kula, akiamini kwamba Kanisa linamdai hivyo.

Ndugu zangu, Kanisa halimdai hivyo. Kanuni ya 919 inataka saa moja tu ya kufunga kabla ya Komunyo. Maji na dawa havivunji mfungo huo. Tena wazee, wagonjwa na wanaowahudumia wanaruhusiwa kukomunika hata kama wamekula ndani ya saa hiyo. Na kwa kanuni ya 1252, wajibu wa kufunga unakoma mtu anapoanza mwaka wake wa 60. Tukinyamaza juu ya hayo, sisi mapadre tuna hatia.

Jambo hili ni zito kuliko kuanguka kwa siku moja. Mwaka 1999 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walionyesha kwamba wazee wenye kisukari walikuwa na hatari ya kupatwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na ufahamu karibu mara mbili ya wenzao. Sukari iliyozidi kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo ya damu, pamoja na ile ya ubongo. Na sukari inaposhuka mno, ubongo hukosa chakula chake. Hapo mzunguko huanza: anayesahau hujidunga mara mbili, au hujidunga asile, sukari hushuka, na ufahamu huzidi kudhoofika.

Si kila mwenye kisukari atafika huko. Lakini tusidhani kwamba ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta ugonjwa huo kwa watu wapatao 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Wangapi kati yao waliitwa wachawi?

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Mzee akibadilika ghafla, apimwe sukari kabla ya kumtafuta mchawi. Anayeanza kusahau asiachiwe dawa zake peke yake; awepo mtoto au mjukuu wa kumsimamia. Na kila jumuiya ndogondogo iwajue wazee wake wenye kisukari, iwatembelee, na kuhakikisha wamekula.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, anamwagiza mtoto amvumilie baba yake hata akili zinapompungukia. Uvumilivu huo leo una sura ya bakuli la uji kabla ya kengele ya Misa.

Mungu awabariki.

Paroko wenu