Dawa ya Saratani na Msafara Wake

Askari aliyewahi kusindikiza msafara atafahamu upesi habari hii. Dawa iitwayo doksorubisini huua chembe za saratani, lakini ikitiwa mshipani peke yake huenea mwili mzima, nayo huweza kuudhuru hata moyo wa mgonjwa. Ni sawa na kufyatua risasi sokoni kwa ajili ya mwizi mmoja.

Wataalamu wakaitafutia dawa hiyo chombo: kifuko cha mafuta chenye upana wa nanomita 100 hivi, na milimita moja ina nanomita milioni. Mwingereza Alec Bangham ndiye aliyevieleza vifuko vya namna hiyo katika miaka ya 1960. Baadaye vilivikwa joho la kemikali ili walinzi wa mwili wasivikamate mapema. Hivyo huzunguka katika damu kwa siku kadhaa, kisha hupenya palipo na mishipa inayovuja, kama ilivyo mishipa mingi ya uvimbe. Marekani iliidhinisha dawa hiyo, kwa jina la Doxil, mwaka 1995, kwanza kwa wagonjwa wa UKIMWI wenye saratani ya Kaposi.

Hapo ndipo jambo linapotuhusu, kwani saratani hiyo si ngeni Uganda wala kwa jirani zetu. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani liliitia Doxil na zinazofanana nayo katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2023, yaani miaka 28 baadaye! Ni ghali kuliko doksorubisini ya kawaida, na viwanda viwezavyo kuitengeneza ni vichache. Mwaka 2011 kiwanda kimoja tu kilisimama, na Marekani yenyewe ikapungukiwa. Mwaka 2012 ikalazimika kuagiza ya India.

Wala tusiisifu kupita kiasi. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto walikusanya majaribio ya miaka kumi yaliyofanywa kwa wanyama, wakaona kwamba kwa kawaida asilimia 0.7 tu ya vyombo vya aina hii ndiyo iliyofika katika uvimbe. Iliyobaki ilipotelea njiani, nyingi ikinaswa na ini na wengu.

Madaktari wetu hawakai bure. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2020, yaliyofanywa Uganda, Kenya, Malawi na kwingineko, paklitakseli ya kawaida, ikiandamana na dawa za UKIMWI, iliishinda etoposidi, ikaushinda pia mchanganyiko wa bleomisini na vinkristini. Nayo haikupewa kifuko chochote.