Rasimu Isiyosomwa

Wiki ya kwanza chuoni mwanafunzi mgeni hukusanya makaratasi kama mtu aliyehamia mtaa mpya. Mojawapo ni kozi autilaini ya Stadi za Mawasiliano, kozi ambayo katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki kila wa mwaka wa kwanza hupitia, awe wa sheria au wa kilimo. Malengo yamemalizwa kwa mistari michache: kusoma kwa makini, kupanga aya, kujenga hoja, kutaja vyanzo. Kisha zinaanza sheria. Anayechelewesha kazi hukatwa alama. Asiyefikisha mahudhurio haingii kwenye mtihani. Anayebainika kunakili hupata sifuri, pengine na barua ya kuitwa kwenye kamati. Siku hizi imeongezwa aya ya akili mnemba, nayo ni ndefu kuliko ile ya malengo.

Kitu kimoja kwa kawaida hakimo: nani ataisoma kazi yenyewe, na ataisoma mara ngapi kabla ya kuipa alama.

Upungufu huo haukuanzia Dar es Salaam wala Nairobi. Mwaka 1874 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilianza kuwapima waombaji kwa insha ya Kiingereza. Walioandika walikuwa vijana wa kiume, wengi wao kutoka familia zenye uwezo, waliokinyonya Kiingereza na maziwa ya mama, na bado waliwakera watahini kwa tahajia mbovu na nukta zilizopotea njia. Mwaka 1885 kikaanzisha English A, kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza, na vyuo vingine vikaiga. Kwa hiyo kozi hii ilizaliwa kutokana na malalamiko, na tabia ya mzazi haijaitoka: nusu yake ni darasa, nusu yake ni kizuizi cha barabarani.

Aliyeitikisa tabia hiyo ni mwalimu wa New York, Mina Shaughnessy. Mwaka 1970 chuo kikuu cha jiji hilo, CUNY, kiliahidi nafasi kwa kila mhitimu wa sekondari za jiji. Madarasa yakajaa watoto wa wahamiaji na wa mitaa ya walalahoi, na baadhi ya wahadhiri wakaona mbingu zimeanguka. Shaughnessy, aliyesimamia mafunzo ya uandishi City College, alizikalia insha za majaribio zipatazo 4,000 na kuzisoma akichunguza makosa yaliyomo. Kitabu chake cha mwaka 1977, Errors and Expectations, kilionyesha kwamba mengi ya makosa hayo yana mantiki. Mwandishi anafuata kanuni, ila si kanuni ambayo mwalimu anaitarajia.

Msomaji wa Kiswahili ana mfano wa jambo hilo mlangoni kwake. Mwanafunzi anaandika Kiingereza: “My father he is growing maize.” Mwalimu anakata “he” kwa kalamu nyekundu na kuendelea na safari. Lakini “he” ile haikuokotwa. Katika “baba yangu analima mahindi”, kiambishi a- kimekaa kwenye kitenzi kumwakilisha baba, ingawa baba mwenyewe keshatajwa. Mwanafunzi amekihamisha na kukitafutia mwenzake wa Kiingereza. Akielezwa hivyo mara moja, kwa dakika mbili, ana nafasi nzuri ya kulinasa kosa hilo mwenyewe katika insha ijayo. Akikatwa tu, anajifunza kwamba Kiingereza ni lugha ya mitego.

Nchini Tanzania mitego hiyo ina historia yake. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali kwa kawaida husoma kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta fizikia na historia zimegeuka Kiingereza. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wa ngazi mbalimbali nchini. Hata chuo kikuu, chini ya mmoja kati ya watano waliopimwa ndiye angeweza kusoma bila taabu vitabu vyepesi vya masomo yake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili katika ngazi zote, lakini ndani ya kumbi za mihadhara mambo yamebaki yaleyale kwa sehemu kubwa. Kozi ya Stadi za Mawasiliano ndiyo inayotwishwa mzigo huo wote, na muhula mmoja wa kuutua.

Sasa imeingia mashine. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na haikuchukua muda programu za kunusa maandishi ya mashine nazo zikawa bidhaa. Kwa kiasi kikubwa programu hizo hutazama kama maneno yanatabirika. Sentensi yenye msamiati wa kawaida na mpangilio usio na mshangao hutiliwa shaka. Basi ni nani huandika Kiingereza cha namna hiyo? Ni yule aliyejifunza kwa vitabu na daftari, akakariri mwanzo wa aya na mwisho wake. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walizipitisha insha 91 za watahiniwa wa TOEFL, mtihani wa watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kwenye programu saba za aina hiyo. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha zilihukumiwa kuwa kazi ya mashine. Insha za watoto wa shule wa Kimarekani zilipita karibu zote.

Mwezi Julai mwaka huohuo OpenAI, walioitengeneza ChatGPT, waliiondoa programu yao ya kunusa kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Mwezi uliofuata Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilizima kinusaji cha kampuni ya Turnitin baada ya kupiga hesabu: kazi 75,000 kwa mwaka, zikikosewa moja tu katika kila 100, ni kazi kama 750 za kushtakiwa bure. Chuo cha hapa kwetu kinachotaka kununua kinusaji kingeanza na hesabu hiyo, tena kikumbuke kwamba wanafunzi wake wanafanana zaidi na wale wa TOEFL.

Hayo hayamaanishi kwamba wizi wa kazi ni hadithi. Ushahidi uko Nairobi, ambako wahitimu wasio na ajira wameishi miaka mingi kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao. Filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024, yenye Profesa Patricia Kingori wa Oxford, inawafuata watu hao. England imeipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria ya mwaka 2022. Linalosisimua, na kuhuzunisha kidogo, ni kwamba Mkenya huyohuyo ambaye chuoni pengine aliambiwa Kiingereza chake hakijakomaa, kazi yake inapata alama za juu ng'ambo kwa jina la mwingine. Na mhadhiri wa ng'ambo hashtuki, kwa kuwa hajawahi kuona rasimu ya mwanafunzi wake. Angekuwa ameona mbili, zenye mikwaruzo, angeijua sauti ya mtu wake kama mama anavyojua hodi ya mwanawe.

Kikwazo cha kusoma rasimu ni hesabu. Chukua darasa la wanafunzi 400, jambo ambalo halimshangazi mtu huku kwetu. Insha moja ikisomwa kwa dakika 15 tu, hizo ni saa 100. Zikiwa rasimu mbili na kazi ya mwisho, ni saa 300, zaidi ya wiki saba za kazi bila kufundisha kipindi hata kimoja. CCCC, chama cha walimu wa uandishi wa vyuo vya Marekani, kinapendekeza darasa la uandishi lisizidi wanafunzi 20. Huku hilo ni ndoto, na hata Marekani vyuo vingi hujikongoja kwa walimu wa mkataba wanaolipwa kidogo.

Lakini kati ya 20 na 400 kuna nafasi pana. Chuo Kikuu cha Cape Town kina kituo cha uandishi ambapo wanafunzi wa shahada za juu huketi na mwanafunzi mmoja na karatasi yake moja. Vyuo vyetu vina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta posho. Insha nne kwa muhula zinaweza kuwa mbili, kila moja isomwe mara mbili. Na mpango wa hoja unaweza kuandikwa kwa Kiswahili kwanza, ili mhadhiri ajue kama kilichokosekana ni hoja au ni Kiingereza. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na leo yanapewa dawa moja. Hapo watetezi wa Kiingereza hukunja uso, ingawa katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi huandika tasnifu nzima kwa Kiswahili.

Kuhusu tarehe za mwisho hakuna haja ya kubishana sana. Tarehe lazima ziwepo. Ila chuo ambacho umeme wake hukatika na bumu, yaani fedha za mkopo, huchelewa kingeweza kumwachia mwanafunzi siku mbili za akiba kwa muhula, azitumie bila kuomba wala kueleza.

Kwa sasa anayeiona kazi ya mwanafunzi mara nyingi zaidi ni kijana wa steshenari ya nje ya lango. Saa tisa na nusu alasiri, kazi inatakiwa saa kumi, foleni imefika barabarani. Kwenye kabati nyuma yake yamepangwa madesa ya miaka mitatu, yamejikunja kingo kwa kutolewa kopi. Anachomeka flashi ya mteja, anafungua faili lililoandikwa “asaimenti final final 3”, anauliza kama ni upande mmoja au pande mbili, kisha anabonyeza.