Ombi Lisilo na Maneno

Wako watu wengi wenye elimu wadhanio kwamba muziki wa okestra za Ulaya ni wa mabwana wakubwa tu, nao hautuhusu sisi. Juma hili napenda kuwaeleza wasomaji habari za simfoni moja iliyotungwa na mtumishi wa mshahara, kwa ajili ya shida ambayo kila karani aliyepata kupelekwa kazini Lodwar, mbali na jamaa zake, aijua vema.

Nchi ya simfoni hiyo si ngeni kabisa kwa Turkana. Mwaka 1888 kabaila wa Hungaria, Samuel Teleki, pamoja na mwenzake Ludwig von Höhnel, walifika penye ziwa letu wakaliita Rudolf, kwa jina la mwana wa mfalme mkuu wa Austria. Jina hilo lilidumu hata mwaka 1975, lilipobadilishwa kuwa Ziwa Turkana.

Huko Hungaria, mahali paitwapo Fertőd, lingaliko jumba kubwa la Eszterháza, na msafiri aweza kulizuru. Mwaka 1772 mkuu wa wapiga muziki wa jumba hilo alikuwa Joseph Haydn, mwana wa fundi wa magurudumu. Ijapokuwa alikuwa na sifa, alivaa sare kama watumishi wengine wa bwana wake, Nikolaus Esterházy. Bwana huyo alipenda kukaa hapo wakati wa joto, na wapigaji wengi iliwapasa kuwaacha wake na watoto wao katika mji wa Eisenstadt. Mwaka ule bwana alikawia kupita desturi. Wapigaji wakamwendea Haydn, wakamsihi awasemee.

Haydn hakuandika barua ya malalamiko, wala hakugoma. Alitunga simfoni. Karibu na mwisho wake, kila mpigaji aliyemaliza sehemu yake alizima mshumaa wake, akachukua ala yake, akatoka. Wakaondoka mmoja mmoja, hata wakabaki wawili tu wenye fidla, na mmoja wao ni Haydn mwenyewe. Kisha kimya. Yasimuliwa kwamba bwana alifahamu mara moja, na kesho yake safari ya kurudi ikafungwa. Wahenga walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Hapa hata maneno hayakuhitajiwa.

Mzee wa Kiturkana hatalistaajabia jambo hili. Kwao pia wimbo una kazi. Kijana humtungia maksai wake wimbo, akaisifu rangi yake na pembe zake, na anayesikiliza hupata kujua moyo wa mwimbaji. Mgeni aitazamaye ngoma ya edonga, watu wakiruka na kupiga makofi, akasema ni kelele tupu, ni sawa na yule asemaye kwamba fidla ni kelele. Wote wawili wamesikia sauti wasisikie habari.

Tukienda Kakuma, yapata kilomita 120 kutoka Lodwar, twakuta kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992. Siku ya Jumapili kwaya za watu wa Sudan Kusini, Kongo na Burundi huimba kwa lugha za makwao. Nyumbani ni nyumbani ingawa pangoni. Lakini wapigaji wa Haydn walikuwa na nyumba zilizowangoja, hali wengi wa Kakuma hawana, na wengine wamezaliwa kambini hapo hapo. Nyimbo zao zastahili kusikilizwa kwa makini zaidi.

Basi, tukimsifu Haydn kwa adabu na akili yake, tusimsahau bwana aliyekuwa na masikio. Mtumishi huomba kwa namna nyingi: kwa barua, kwa wimbo, hata kwa kunyamaza. Mwenye cheo na asingoje mpaka mshumaa wa mwisho uzimwe.