Hakuna Uhuru wa Kumkoholea Jirani

Limezuka miongoni mwetu neno moja ambalo halina budi kujibiwa waziwazi, kwa kuwa linasemwa na watu waliosoma, tena mbele ya wanafunzi na mbele ya wananchi wanaofika ofisini kutafuta huduma. Neno lenyewe ni hili: kwamba amri ya kuvaa barakoa, iliyotolewa katika nchi nyingi tangu mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, ilikuwa ni kumwingilia mtu katika uhuru wake, na kwamba walioikaidi walikuwa mashujaa. Tarehe 5 Mei, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura imekwisha, na amri zenyewe zimekwisha kufutwa karibu kila mahali. Lakini fikra hiyo haikufutwa. Inangoja maradhi yajayo, na yakija yatatukuta nayo.

Tuanze na huo uhuru. Wazee wetu hawakuudai uhuru ili kila mtu afanye apendavyo bila kumjali mwenziwe. Waliudai ili mtu asimwonee mtu. Kohozi ni mali ya mwenyewe lingali kifuani mwake. Likishatoka na kuingia katika hewa ya basi, ya darasa au ya wodi, si lake tena, ni la wote. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Msingi wa kazi ile ulikuwa wazi: kiwanja ni chako, lakini maji ya kisima ni ya kijiji kizima. Mtu anayekubali hoja hiyo juu ya choo, kisha akaikataa juu ya barakoa, anapaswa atueleze tofauti iliyopo.

Wako wanaodhani kwamba kukaidi ni dalili ya elimu. Hao na wakumbushwe habari za Manchuria. Mwishoni mwa mwaka 1910 ilizuka huko tauni ya mapafu. Serikali ya China ikampeleka mjini Harbin daktari kijana, Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyesomea Cambridge. Wu akatambua kwamba maradhi yale yanapita katika hewa kwa njia ya kikohozi, akawaagiza madaktari na wauguzi wafunike pua na mdomo kwa barakoa ya shashi na pamba. Daktari mmoja Mfaransa, Gérald Mesny, aliyemzidi umri na uzoefu, akamdharau. Hakuona vipi Mchina amfundishe yeye. Akaingia kwa wagonjwa bila barakoa. Siku chache baadaye, Januari 1911, Mesny akafa kwa tauni ile ile, na watu wapatao 60,000 walikufa kabla haijazimwa. Mesny hakuwa mjinga. Alikuwa na elimu na cheo. Tauni ndiyo iliyomwua, lakini kiburi ndicho kilichoifungulia mlango.

Wala hoja ya uhuru si mpya, wala si yetu. Januari 1919, wakati homa ya mafua iliyokuwa ikiua mamilioni ya watu duniani ilipoirudia San Francisco huko Marekani, mji uliirudisha amri ya barakoa. Baadhi ya wakazi wakaunda chama cha kuipinga, wakafanya mkutano mkubwa tarehe 25 mwezi ule, wakadai kwamba haki zao zimevunjwa na kwamba kitambaa hakina faida. Maneno hayo hayo, baada ya miaka mia moja, yameletwa kwetu kwa simu za mkononi, na baadhi yetu wakayapokea kana kwamba wameyabuni wenyewe. Hii ni kasumba, hata ikiitwa msimamo.

Wapo wanaosema kwamba wataalamu walijikanusha. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani halikuwashauri watu wazima wote wavae barakoa, na kwamba tarehe 5 Juni mwaka huo lilibadili ushauri wake kwa mahali palipoenea maambukizi. Lakini mkulima anayebadili siku ya kupanda baada ya kuziona mvua hatumwiti mwongo. Mwongo ni yule anayeziona mvua akashikilia maneno ya kiangazi.

Na ushahidi ulikusanywa. Huko Bangladesh, kati ya mwaka 2020 na 2021, watafiti walifanya kazi katika vijiji 600 vyenye watu wazima zaidi ya 340,000 walioshiriki. Palipogawiwa barakoa bure na watu wakahimizwa, waliozivaa sawasawa waliongezeka kutoka 13 hadi 42 katika kila watu 100. Katika vijiji vilivyopewa barakoa za hospitali, maambukizi yenye dalili yalipungua kwa asilimia 11 hivi, na kwa wazee waliozidi miaka 60 yakapungua kwa asilimia 35. Za kitambaa hazikuonyesha faida iliyo wazi kama hiyo. Tunayasema yote, kwa kuwa anayetetea jambo la kweli haogopi kuutaja upungufu wake. Barakoa si ngao ya chuma. Lakini ni nani kati yetu atakayemwambia mzee wake kwamba theluthi nzima ya hatari ni kitu kidogo?

Utafiti huo unatufundisha na jambo la pili, ambalo ni somo kwetu sisi watumishi wa umma. Ujumbe wa simu na zawadi havikuongeza kitu. Kilichosaidia ni barakoa kufika mkononi bila malipo, viongozi wa vijiji na maimamu kuonyesha mfano, na mtu kukumbushwa ana kwa ana. Huko Kenya, Aprili 2020, iliwekwa faini isiyozidi shilingi 20,000 au kifungo kisichozidi miezi sita. Basi haikuwa ajabu kumwona abiria ameivaa barakoa kidevuni, akaipandisha puani alipomwona askari. Mtu huyo alikuwa amefundishwa kumwogopa askari, si maradhi. Amri bila elimu huzaa unafiki.

Kwa hiyo hatumlaumu mchuuzi ambaye bei ya barakoa kwake ilikuwa bei ya chakula cha mtoto. Huyo alistahili kupewa. Tunamlaumu afisa aliyekuwa nayo mfukoni akaketi nyuma ya meza yake bila kuivaa, huku mlangoni amebandika tangazo la kuwaamuru wananchi wavae. Huo ndio umangimeza. Tunamlaumu pia anayejificha nyuma ya methali akasema jitihada haiondoi kudura, ilhali usiku huo huo anafunga mlango wake kwa komeo mbili.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya kale. Kifua kikuu husafiri katika hewa ile ile, na mwaka 2023 kiliua watu wapatao milioni 1.25 duniani. Nchi yetu imo katika orodha ya zile zinazolemewa zaidi na ugonjwa huo. Mgonjwa anayekohoa anapoombwa kliniki afunike mdomo wake, haadhibiwi wala hadhalilishwi. Anaombwa amlinde mama mwenye mtoto mgongoni aliyeketi kando yake.

Basi walimu na watumishi wa umma tuchague. Mtoto hajifunzi afya kwa kunakili ubaoni tu. Hujifunza kwa kumtazama mwalimu wake. Wajibu wetu ni kueleza sababu kabla ya kutoa amri, kumpa asiye na uwezo, na kuvaa sisi kwanza. Tukifanya hivyo sasa, maradhi yajayo yatawakuta watu wanaojua kwa nini wanafunika midomo yao.